Baridi ya Tabora na jiko nililoliingiza ndani mwenyewe

Mtu wa Makete akisoma habari hii atacheka, na ana haki ya kucheka. Baridi ya Tabora haigandishi maji kwenye ndoo. Mchana wa Juni jua linawaka na watu wanatoka jasho sokoni kama kawaida. Kasheshe inaanza jua likizama, na ikifika saa kumi alfajiri unajikuta unahesabu mablanketi yaliyomo ndani na watu wanaoyavutana. Kwa sisi wa Mbagala, ambako kulala bila feni ni adhabu, nyuzi 15 zinatosha kumtoa mtu akili. Mimi zilinitoa.

Naandika kwa sababu Juni 2024, sikukuu ya Idd el-Hajj, nusura nimuue mama yangu, mke wangu na wanangu wawili huku nikidhani nawatunza. Nilitaka kunyamaza, maana aibu yenyewe si ndogo. Lakini kila mwaka kipupwe kinarudi, watu wanarudi kwao likizo, na mkaa upo kila nyumba.

Tuliondoka Dar Jumatano ya tarehe 12, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa, Idd ilikuwa Jumatatu ya tarehe 17, nami nilikuwa sijamwona mama kwa mwaka mzima. Watu wanne: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Nauli na vya kula njiani vilikula laki moja na themanini. Mabegi yalijaa kanga za zawadi, biskuti, nguo za sikukuu za watoto, viatu vipya. Sweta hata moja. Mama watoto aliuliza kama kuna haja ya kubeba mashuka mazito, nikamjibu, "Tabora hiyo, tunakwenda Njombe?" Mimi niliyezaliwa pale! Miaka kumi na tano ya joto la pwani inamfanya mtu asahau hata baridi aliyolelewa nayo.

Tulipovuka Itigi giza likaingia, na upepo uliokuwa unapenya kwenye kioo cha dirisha la basi ukawa kama unatumwa. Tulishuka Tabora saa tano usiku. Dakika ishirini za kusubiri bajaji zilitosha: mtoto anatetemeka, mama yake amemviringisha kitenge hadi kichwani, mimi nimesimama na shati la mikono mifupi najifanya mwanamume.

Kesho yake tukaenda mitumba. Yule kijana alitutazama mara moja tu, akasema, "Nyie wa Dar ndio mnatulipia ada za watoto." Sweta nne na koti moja, elfu hamsini na mbili, na bei haikushuka hata nilipojaribu kumsalimia kwa "mwangaluka". Kwa hiyo ukitoka pwani kwenda bara mwezi wa sita au wa saba, nunua sweta Dar kabla ya safari. Kule kwetu zinalala chini ya rundo, hazina mteja, mtu anakupa kwa elfu mbili tatu na kukushukuru.

Sasa nieleze nyumba, maana kisa chote kimo humo. Nyumba ya mama iko Ng'ambo, pale pale Tabora mjini, ya tofali za kuchoma na bati, haina dari. Zamani ilikuwa na madirisha ya mbao yenye nyavu, na juu ya kila dirisha fundi wa enzi hizo aliacha matundu ya hewa. Mwaka 2023 nilituma milioni moja na laki mbili, yakawekwa madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya kusukuma. Mama alikuwa akilalamikia vumbi na popo wanaoingia kwa juu, basi nikamwagiza fundi kwa simu: ziba na yale matundu, piga plasta, paka rangi. Picha zilipokuja nilizituma hadi kwa wakwe. Nyumba imekuwa ya kisasa, haiingizi hata nzi. Nilijisifia hivyo kwa maneno hayo hayo.

Siku za likizo mimi asubuhi yangu ni kijiweni. Kuna mzee anauza kahawa karibu na nyumbani, benchi mbili za mbao, vikombe vidogo, kashata kwenye sinia. Pale ndipo dunia inapoendeshwa. Jumamosi ile ya tarehe 15 mambo yalikuwa mengi. Jana yake treni ya umeme ilikuwa imeanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na watu wa Tabora na reli ni kitu na ndugu yake. Mwalimu mmoja mstaafu akasema reli ya Mjerumani ilifika hapa mwaka 1912, na sisi tuliokuwa njia panda ya reli ya kati sasa tunaitazama reli mpya kwenye simu. Fundi baiskeli akamwambia atulie, itafika tu, tuta si analiona? Muuza asali akasema itafika, ila nauli yake ataiangalia kwa macho. Kisha ikaja bajeti iliyosomwa Alhamisi, trilioni 49.35. Mzee wa kahawa akauliza trilioni ina sifuri ngapi. Kimya. Watu waliokuwa wakiichambua bajeti dakika kumi nzima hakuna aliyenyoosha mkono, mpaka mwalimu aliposema kumi na mbili.

Na baridi. Kila aliyefika alianza na baridi. Wazee walisema ya mwaka huu hawajawahi kuiona, ingawa nikikumbuka vizuri, walisema hivyo hivyo nilipokuwa darasa la sita.

Hapo dereva mmoja wa bodaboda akatoa simu na kutusomea ujumbe. Bila shaka umeupata, maana unazunguka karibu kila mwaka. Unasema kuanzia alfajiri ya kesho dunia itaingia kwenye hali iitwayo afelioni, itakuwa mbali sana na jua, kilomita milioni 152 badala ya milioni 90 za kawaida, na hadi Agosti kutakuwa na baridi isiyo na mfano. Watu wataumwa mafua, kichwa, viungo, watashindwa kupumua. Wakinge wazee na watoto.

Macho yote yakanigeukia. "Wewe mtu wa Dar, unasemaje?"

Kusema kweli sikuwa najua chochote. Ujumbe huo ulikuwa umeingia kwenye simu yangu alfajiri ile ile, kwenye kundi la kazini, na sikuufungua hadi mwisho. Lakini mtu aliyetoka Dar, amevaa koti, ameulizwa mbele za watu, atasema sijui? Nikasema, "Hiyo ni sayansi kabisa. Hata kule kwetu wanaijadili." Watu wakatikisa vichwa. Ni mwalimu mstaafu peke yake aliyeuliza, kwa sauti ya chini, huku akikoroga kahawa isiyo na sukari ya kukoroga: "Kesho ipi? Mbona haina tarehe?"

Hakujibiwa. Nami, kabla sijamaliza kikombe, nikautuma ule ujumbe kwenye makundi matano, la ukoo likiwemo na la tuliosoma pamoja. Nikaongeza sentensi yangu juu: "Nipo Tabora, nashuhudia mwenyewe, baridi hii si ya kawaida. Tuwafunike wazee wetu." Nilijisikia nimefanya jambo la maana.

Nilirudi nyumbani na hofu niliyoitengeneza mwenyewe. Mama ana miaka sabini na moja, kifua chake kinamsumbua tangu zamani. Jioni ile nikapanga: yeye, mama watoto na watoto wote walale chumba chake, ndicho kikubwa, wapashane joto. Mimi na mdogo wangu tutalala sebuleni. Nikasukuma vioo vyote vikafunga. Nikachukua kanga kuukuu, nikaiviringisha na kuibana chini ya mlango. Halafu nikaleta jiko.

Nisisitize kitu kimoja hapa. Sikuwa mjinga wa kuingiza jiko linalofuka. Nililiacha nje, nikapepea, nikasubiri mkaa uive, uwe mwekundu mzima bila moshi hata kidogo, ndipo nikalibeba ndani na kuliweka kwenye kona mbali na vyandarua. Niliwaza moto, nikawaza moshi. Nikaweka hata beseni la maji pembeni, maana nilishasikia kwamba maji hunyonya sumu ya mkaa. Mama akafurahi. Alisema chumba kimekuwa kama tembe la bibi yake, ambako moto ulilala ndani usiku kucha.

Jumapili asubuhi mama aliamka na kichwa kizito. Ilikuwa siku ya Arafa, alikuwa amefunga, na alikula daku kidogo, hivyo hatukushangaa. Mama watoto naye akalalamika kichwa. Tukasema ni mafua ya baridi. Ilipofika saa tano, wakiwa uani kwenye jua, wote wawili walikuwa wazima. Usiku nikaliingiza jiko tena.

Jumatatu, siku ya Idd, mtoto mdogo alitapika kabla hata ya kuonja chochote. Binti akasema anaona kizunguzungu. Mama alikwenda kuswali akarudi ameshikwa mkono. Mimi na mdogo wangu tulikuwa buheri wa afya, tumechinja mbuzi, tunacheka. Nilisema kwa kujiamini, "Si mliona ule ujumbe? Ilisemwa kichwa, ilisemwa kupumua kwa shida. Ndiyo hii sasa."

Hapa ndipo ninaporudi kila nikikumbuka. Kama ule ujumbe usingekuwepo, kichwa kinachouma kwa watu wanne kwa pamoja kingenifanya niulize: kulikoni? Ila nilikuwa na jibu tayari kabla swali halijazaliwa. Kila dalili iliyojitokeza ilikuwa imeshatajwa mle, na kila ilipojitokeza niliamini zaidi, na nilivyoamini zaidi ndivyo nilivyoziba zaidi.

Mchana tukawapeleka mtoto na mama zahanati moja ya mtaani. Kipimo cha malaria kikasoma hakuna. Wakambana mama kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikaonyesha 98. Wakatupa dawa za maumivu na za mafua, elfu ishirini na moja yote kwa yote, wakatuambia ni hali ya hewa. Ilikuwa sikukuu, siwalaumu sana. Hawakuuliza wagonjwa wamelala wapi, na mimi sikusema, maana sikuona kama ni habari.

Usiku wa Idd baridi ilikaza kweli. Nikaongeza mkaa.

Saa nane usiku nilisikia kishindo. Kama gunia limeanguka. Nilidhani ni mbuzi wa jirani, nikageuka upande. Kisha mdogo wangu akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu, na mama watoto alikuwa amelala kifudifudi kizingitini, mkono mmoja umeshika ile kanga niliyoiviringisha. Baadaye alisema aliamka mkojo umembana, miguu ikawa si yake, akaupata mlango kwa kupapasa, na hakumbuki kuufungua. Kuanguka kwake ndiko kulikowaokoa wote, kwa sababu asingeanguka na kufungua mlango, mimi ningeamka saa kumi na mbili kwenda kunywa kahawa.

Tuliwatoa nje mmoja mmoja. Binti alikuwa analia, nami nikashukuru kusikia kilio. Mdogo wake alikuwa mlegevu kama nguo iliyofuliwa, akatapika barazani na kufumbua macho. Mama tulimburuta juu ya godoro. Tulimwita hakuitika, anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi. Ile baridi niliyoikimbia siku tatu ndiyo ikawa dawa ya kwanza: tuliwalaza barazani, upepo wa kusi unawapiga usoni, jirani anakimbia kutafuta bajaji.

Hospitalini daktari wa zamu hakutumia muda mwingi. Aliangalia watu wanne wa familia moja, akaniuliza swali moja. "Kuna jiko la mkaa lililala ndani?"

Nilipoitikia, akaagiza oksijeni. Mama aliwekewa mpaka saa nne asubuhi, wengine muda mfupi zaidi. Akanieleza huku akiandika. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inaishika ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hivyo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakufa njaa ya hewa. Mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile, na hatari yake ni kwamba haukufukuzi. Beseni la maji halisaidii kitu. Na kile kidude cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo, kwa hiyo 98 yetu haikuwa na maana yoyote.

Nikamuuliza habari ya tembe la bibi yake mama. Akasema nyumba zile zilikuwa zinapumua, na kuni zikizidi moshi mtu anaamka mwenyewe akitukana. "Sisi tumejenga makopo," akasema, "tunaingiza mkaa tunafunga kifuniko." Sikumwambia kopo lile nililipia milioni moja na laki mbili.

Kitu kilichonichoma zaidi ni jinsi dalili zilivyokuwa wazi. Waliolala chumba kimoja wote wanaumwa, tuliolala sebuleni wazima. Wakitoka nje kwenye jua wanapata nafuu, wakirudi kulala wanaamka wabovu. Malaria haigawi watu kwa vyumba. Ukiona hivyo kwako, usitafute paracetamol kwanza. Fungua mlango, toa watu nje, toa jiko, ndipo uende hospitali, na ukifika utaje jiko hata kama hujaulizwa. Mtoto mdogo, mzee na mama mjamzito ndio wanaodhurika haraka.

Mama aliruhusiwa Jumatano. Neno lake la kwanza lenye akili timamu lilikuwa kuuliza nyama ya mbuzi imewekwa wapi na nani kapewa paja. La pili alilisema akiwa ameniangalia: "Hata marehemu baba yako hakuwahi kunizibia dirisha, mwanangu." Hakurudia tena, wala hakuhitaji.

Gharama: bajaji za usiku na za siku zilizofuata elfu thelathini, matibabu ya mama, ambaye hana bima, laki moja na elfu kumi na tano, ya mke na watoto bima ililipa. Fundi wa kurudisha matundu elfu sitini, na alicheka alipokuja, kwa sababu ndiye yule yule aliyeyaziba. Mablanketi mawili elfu sabini. Ningeyanunua mablanketi hayo siku ya kwanza, mengine yote yasingekuwepo.

Siku zilizobaki tulilala hivi, na tulilala vizuri. Kitanda cha mama tukakisogeza mbali na ukuta wa nje. Chini ya magodoro tukatandika maboksi yaliyokunjuliwa, kwa sababu baridi nyingi ilikuwa inapanda kutoka sakafuni na hatukujua. Mablanketi mawili mepesi, moja juu ya jingine, yana joto kuliko moja zito. Soksi na kofia kwa wazee na watoto. Kidumu cha maji ya moto, yasiyo ya kuchemka, kimefungwa vizuri na kuviringishwa kanga, kinawekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala. Jiko tuliliota barazani wote pamoja baada ya isha, na uji wa moto, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kisha likabaki huko huko nje. Dirisha tuliliacha wazi upana wa kiganja hata usiku wa baridi kali.

Alhamisi nilirudi kijiweni. Ni vigumu kuelezea uzito wa hatua zile mia mbili. Nilisema yote, pamoja na lile la kutojua. Walinisikiliza, wakanipa pole ya kweli, mzee wa kahawa akakataa hela yangu. Jioni yake tulikuwa banda la video tunaangalia mechi za Ulaya, maana mashindano ya Euro yalikuwa yanaendelea Ujerumani. Mashabiki wamevaa fulana, wengine vifua wazi, wachezaji wanamwagiwa maji. Mwalimu mstaafu akanisogelea sikioni. "Hawa wana jua lao peke yao?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kweli, kama dunia nzima imekwenda mbali na jua, mbona baridi imechagua Tabora ikaiacha Hamburg? Kesho yake akanieleza kwa vijiti ardhini, na binti yangu akiwepo. Afelioni ipo kweli, huja kila mwaka mwanzoni mwa Julai, na dunia huwa kilomita milioni 152 hivi kutoka kwenye jua. Ila Januari, inapokuwa karibu zaidi, ni milioni 147. Tofauti ni ndogo, na ile milioni 90 imetungwa. Baridi yetu ina sababu za hapa hapa: mji uko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, Juni jua liko upande wa kaskazini, mvua zimekwisha, mbingu haina mawingu, basi joto la mchana linapaa usiku bila kizuizi kama mtu aliyelala bila shuka, na upepo mkavu wa kusi unamalizia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe kabla msimu haujaanza, kwa Kiswahili cha kueleweka, na una tarehe. Sikuwahi kuusoma.

Kwa kuwa nilishaanza kuwa mjuaji, muuza asali naye akapata nafasi yake. Siku ya pili ya likizo nilikuwa nimemrudishia chupa mbili nikidai kaweka sukari kwa sababu zilianza kuganda. Asali safi huganda kwenye baridi. Iweke juani au kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Nilizinunua upya, na akaniongezea elfu moja ya usumbufu. Haki yake.

Kurekebisha ule ujumbe ilikuwa kazi ngumu kuliko kuutuma. Niliandika kwenye makundi yote matano kwamba niliyotuma Jumamosi si kweli, na nikaeleza lililotupata. Ule wa kwanza ulipata mioyo, mikono ya dua, na watu wakausambaza. Wa pili ukapata "pole" tatu, na shangazi mmoja wa Mwanza akaniambia nisiwavunje watu moyo wa kujikinga.

Tulirudi Dar tarehe 29. Mama alitusindikiza stendi amevaa koti langu, anapiga kelele kwamba matundu yale yanaingiza upepo na popo mmoja kasharudi.

Wiki iliyofuata, Alhamisi ya tarehe 4 Julai, nikiwa kwenye daladala la Mbagala, jasho linanitiririka, ujumbe ukaingia kwenye kundi la wazazi wa darasa la binti yangu. Kuanzia alfajiri ya kesho, afelioni. Nilitaka kuupita, kisha nikaona mstari wa juu kabisa. Nipo Tabora, nashuhudia mwenyewe, baridi hii si ya kawaida. Tuwafunike wazee wetu.

Aliyeutuma simjui. Niliandika kwamba mtu aliyeko Tabora ni mimi, kwamba nipo Mbagala, na nikasimulia habari ya jiko kwa ufupi. Kwa dakika nzima hakuna aliyejibu. Kisha mzazi mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, kesho watoto wavae sweta au wasivae?"